Pesa ya Ile Siku

Siku za soko mama yangu alirudi nyumbani akinuka omena, wale dagaa wa ziwani. Si harufu ya omena iliyo motoni, yenye nyanya na kitunguu, bali ile kavu ya gunia na jua na ziwa la mbali, inayong'ang'ania kitambaa hata baada ya kufuliwa. Iliingia ndani kabla yake, ikapita juu ya moshi wa jikoni na harufu ya ndizi zilizofunikwa ili ziive, na mimi nikajua kwamba ameketi tena na yule mwanamke Mjaluo anayeuza samaki katika soko la Magwagwa. Majirani walidhani tunakula samaki kila wiki. Shangazi yangu mmoja aliwahi kusema waziwazi kwamba kwa kina Kemunto, akinitaja mimi, kuna raha. Ukweli ni kwamba mwaka ule omena niliionja kwa nadra. Tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, mboga ile chungu ya kwetu, na siku nyingine ndizi za kuchemsha zenye chumvi peke yake. Mama alikuwa haendi kwa mwenye samaki kununua. Alikuwa anaenda kuweka.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya kilima upande wa Nyamira, mahali ambapo ukungu hukawia kuondoka asubuhi na barabara huwa utelezi sehemu kubwa ya mwaka. Tulikuwa na kipande cha chai kilichoanzia karibu na mlango na kushuka hadi kijitoni, na migomba nyuma ya jiko. Ng'ombe hatukuwa naye tena. Aliuzwa baba alipoanza kukohoa. Baba alifanya kazi Tabaka, mbali kusini mwa Kisii, kwenye machimbo ya yale mawe laini ambayo watu huyachonga viboko na bakuli na kuwauzia wafanyabiashara wa kutoka nje. Alichimba, akakata, akabeba. Malipo yalitegemea mnunuzi, na mnunuzi alikuja alipotaka. Mwisho wa mwezi baba alipofika nyumbani, vumbi jeupe lilikuwa bado kwenye nyusi zake hata kama ameoga, na kikohozi chake tulikisikia kabla ya kumwona akipinda kona ya njia. Kwa hiyo nyumba iliegemea chai. Mama alichuma yetu, na siku ambazo yetu haikuwa tayari alichuma ya watu kwa kibarua, kikapu mgongoni, kipande cha nailoni kiunoni kuzuia umande. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye ncha kwa utomvu wa majani, na weusi ule haukutoka kwa sabuni yoyote.

Siwezi kueleza habari ya akiba bila kumtaja Moraa, mdogo wangu wa mwisho wakati huo. Aliamka asubuhi moja akiwa moto kama jiwe la jikoni, akipumua kwa shida, mbavu zikiingia na kutoka. Baba alikuwa Tabaka. Ndani hakukuwa na kitu. Pesa ya chai ilikuwa imekwenda kwa mbolea na deni la dukani. Mama alimfunga mgongoni na kuanza kupita nyumba kwa nyumba pamoja na nyanya yangu, na watu hawakuwa wabaya. Kila mmoja alitoa alichoweza, huyu kidogo, yule kidogo zaidi, mwingine akaahidi kuuza kuku kwanza. Mwenye pikapu alisema, kwa huruma kabisa, kwamba gari halina mafuta na yeye pia hana. Zilipofika za kutosha kujaza mafuta na kulipia hospitalini, jua lilikuwa limeshapanda juu ya vichwa vyetu. Moraa alifia njiani, kabla hawajaona mabati ya mji.

Kilichombadilisha mama hakikuwa kifo peke yake. Jioni hiyo hiyo watu walianza kuja na michango ya mazishi, na mchango ulikuwa mwingi. Sufuria kubwa zilitoka kanisani, mahindi yaliletwa kwa magunia, mwenye pikapu alisomba viti bila kuomba chochote. Pesa zilizokusanywa asubuhi ili mtoto apone zikanunua sukari na mikate ya waombolezaji. Mama aliketi ukutani juu ya mkeka akiangalia yale yote yakiingia. Sikumsikia akilalamika wakati ule wala baadaye. Lakini baada ya wiki kadhaa, tukiwa wawili kwenye chai, alisema bila kuniangalia kwamba watu wa kwetu humzika mtu upesi kuliko wanavyomtibu, na kwamba si kosa lao, ni vile mauti humkuta kila mtu amejiandaa na ugonjwa haumkuti yeyote hivyo. Kisha akaendelea kuchuma. Nilikuwa darasa la tano. Nilielewa maneno, sikuelewa mzigo wake.

Kuweka pesa kwenye nyumba kama yetu ni kama kuweka maji kwenye kikapu. Alijaribu kwanza kufunga kwenye pembe ya leso, na leso ilifunguliwa kabla mwezi haujaisha kwa sababu mafuta ya taa yalikwisha, kisha chumvi, kisha mkwe mmoja akapita akihitaji nauli. Alijaribu chama cha wanawake wa kanisa letu la Kisabato, lakini chama kina zamu, na ugonjwa haungoji zamu. Tena siku ya zamu yako kila mtu anajua una pesa, na watakaokuja kukuomba hufika nyumbani kabla yako. Benki ilikuwa mjini Kisii. Nauli ya kwenda na kurudi ingekula alichotaka kuweka. Kumwachia jamaa hakuwezekani, maana jamaa angesema kwa jamaa mwingine. Ndipo alipomfikiria Mama Atieno, yule muuza omena, kwa sababu moja isiyo ya kawaida: hakuna mtu wa ukoo wetu ambaye angewahi kuwaza kumwuliza.

Mama Atieno alitoka upande wa ziwa na aliishi na mumewe kwenye chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Mumewe alitengeneza baiskeli na alikuwa mtu asiyesema sana. Mama na Mama Atieno walijuana kwa njia ya soko, kupimiana na kubadilishana ndizi na omena, na hawakuwa na lugha moja. Mama hakujua Kijaluo, Mama Atieno hakujua Ekegusii zaidi ya salamu na bei. Waliongea Kiswahili, kile cha kwetu cha kukokota, ambacho walimu wangekikata kwa kalamu nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku ya kwanza niliyoandamana na mama nilimwita kama nilivyomwita daima, "baba," kwa kuwa katika Ekegusii mama ndiye baba, na baba ni tata. Mama Atieno aliacha kupepeta omena akanitazama, akamtazama mama, akacheka hadi akafuta macho. Mama pia alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu Moraa.

Mapatano yao hayakuandikwa popote. Mama aliweka alichokuja nacho mkononi mwa mwenzake, mwenzake akakitia kifuani bila kuangalia, na mazungumzo yakaendelea kuhusu mvua. Walikubaliana kwamba pesa ile haina kazi nyingine isipokuwa siku moja, siku ambayo mtu wa nyumba amelala na hawezi kuamka. Hawakuipa jina kubwa. Waliiita pesa ya ile siku, na walipoitaja, sauti zao zilishuka kidogo.

Kilichopelekwa sokoni kilitoka kwenye vitu vidogo ambavyo mtoto huvihisi haraka. Sukari iliondoka kwanza. Kuishi katikati ya chai na kuinywa bila sukari ni jambo la ajabu, lakini tulizoea, kisha tukazoea na maziwa kuondoka. Taa iliwashwa wakati wa kula tu. Sabuni ya mche mama aliikata kwa uzi vipande vyembamba, kila mmoja na chake, na aliyemaliza mapema alinawa kwa maji matupu. Ndizi zilizokuwa zetu zikawa za sokoni, sisi tukala zile zilizopasuka. Hata sadaka ya Sabato ilipungua. Nilimwona akiitumbukiza kwa kiganja kilichofunikwa, uso chini. Na juu ya hayo aliongeza kibarua. Alichuma chai ya mwalimu mmoja mstaafu siku ambazo zamani angepumzika, akarudi na miguu iliyovimba, akaketi kumenya ndizi na kulala akiwa ameketi hivyo, kisu mkononi, ganda likining'inia. Mimi nilikuwa nikimtoa kisu polepole na kumalizia. Akiamka hakusema asante, alisema tu, "Nilikuwa nasikia," kana kwamba kulala ni kosa.

Msimu ule dunia yote ilionekana kujua kwamba mahali fulani kuna pesa. Upepo ulibandua bati la jikoni, na tukapikia kwenye mvua chini ya nailoni. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa akiandaa mahari na akaja na wazee wawili, wakanywa chai yetu isiyo na sukari huku wakiitazama. Mama alisema hana. Baba mdogo alimwambia kwamba mwanamke anayenuka samaki kila wiki hawezi kukosa cha kumchangia shemeji. Alisema hivyo mbele yangu, na mama akazidi kumsugua Mogaka, mdogo wangu aliyemtangulia Moraa na aliyekuwa na miaka minne, magamba ya matope miguuni mpaka wageni walipoondoka. Habari ilimfikia baba huko Tabaka kabla hajaja. Mwisho wa mwezi alimwuliza mama kwa upole kama kweli hakuna hata kidogo cha kumfunika aibu mbele ya ndugu yake. Mama alisema hakuna. Baba alikubali, kwa kuwa alimwamini, na nadhani hilo ndilo lililomchosha mama kuliko kikapu.

Kisha ikaja zamu yangu. Shule ilidai pesa ya mtihani, na wasiolipa tukarudishwa nyumbani. Siku za mwanzo nilifurahi. Nilikwenda na mama kwenye chai, nikachuma majani mawili na kichipukizi kama wakubwa, nikapeleka kwenye kituo cha kupimia nikisikiliza karani akitaja kilo. Lakini wenzangu walipita barabarani asubuhi na madaftari yao, wakarudi jioni wakizungumza mambo ambayo sikuyajua, na siku ziliendelea kupita. Nilijua pesa ilikuwepo. Nilijua ilikuwa umbali wa kushuka kilima kimoja, nyuma ya kinu, kwa mwanamke aliyenipenda. Nikaacha kuongea na mama isipokuwa kujibu. Yeye alinitazama nikifanya kazi kwa hasira, na siku moja ya soko, bila kusema tunakwenda kufanya nini, akaniambia nioge na nivae sare.

Tulimkuta Mama Atieno akiwa na wateja. Mama alisubiri hadi wakaondoka. Kisha akasema kwamba leo amekuja kuchukua, si kuweka. Mama Atieno aliifuta mikono yake kwenye aproni, taratibu, akatazama mgongo wa mama ambao haukuwa na mtoto, akanitazama mimi na sare yangu.

"Ni ile siku?" akauliza.

Mama Atieno alikuwa tayari ameshatia mkono kifuani, na mkono ukabaki pale pale, si kama mtu anayekataa, kama mtu anayengoja kuambiwa. Watu walipita kati yetu na magunia ya mahindi. Niliomba kwa Mungu mama aseme ndiyo. Ni neno dogo, na mwenzake angelikubali bila kulipima.

"Hapana," mama akasema. "Si ile siku."

Tulipanda kilima. Kesho yake alibeba mkungu wa ndizi na maharagwe hadi shuleni, akamwomba mwalimu mkuu avipokee kwa ajili ya jiko la walimu badala ya pesa. Mwalimu alikuwa mtu mwema na alikubali, ila mtihani ulikuwa umekwisha kufanywa. Mwaka uliofuata nilirudia darasa la tano nikiwa mrefu kuliko wote, nikiketi nyuma. Mama hakuniomba radhi. Aliniambia mara moja tu, tukiteka maji, kwamba mtu aliyerudia darasa bado yupo darasani. Nilidhani ni maneno ya mtu mgumu. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Mvua ya masika ilikuwa inaisha, na madimbwi yalikuwa yamejaa kwenye mashimo ya watengeneza matofali, Mogaka alipoanza homa. Asubuhi alikataa uji. Kufikia adhuhuri alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili, na muda mfupi baadaye macho yake yakageuka, mwili ukakakamaa na kuanza kuruka mikononi mwa nyanya. Wengi wetu wa milimani tulikuwa hatujazoea malaria. Ikija, huja na nguvu zake zote. Nyanya alianza kulia na kumwita Moraa badala ya Mogaka. Mama hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni, akaniambia nije na maji na kitambaa, tukateremka kilima karibu tukikimbia. Hakugonga mlango wa mtu yeyote njiani. Jirani mmoja alituita kutoka shambani kuuliza kuna nini, na mama akapita bila kugeuka, jambo ambalo kwetu ni tusi.

Haikuwa siku ya soko. Magwagwa ilikuwa tupu, meza za mbao zimepinduliwa, mbwa wamelala chini yake. Chumba nyuma ya kinu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Mama alilitazama kufuli lile, akalishika, akaliacha. Mwenye kinu akatuambia Mama Atieno ameenda ziwani kuchukua mzigo, huenda akarudi jioni au kesho. Nilimtazama mama usoni na nikaona kitu ambacho sijakiona tena, yaani uso uliokwisha kabisa. Kazi yote ile, sukari, sabuni, mtihani wangu, ilikuwa nyuma ya mlango wa bati usiofunguka. Alianza kugeuka kuelekea barabarani, sijui kwa nani, na ndipo Baba Atieno alipotokea upande wa pili wa kinu, mikono imejaa grisi, mnyororo wa baiskeli shingoni. Huyu mtu sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Alimtazama mtoto. Hakuuliza jina la ugonjwa wala pesa ni ngapi wala ni kwa nini. Alitoa ufunguo mfukoni, akaingia ndani, akarudi na kifurushi cha kitambaa kilichonuka omena.

"Mama Atieno alisema, Mama Kemunto akija siku si ya soko, usimwulize kitu," akasema. "Mpe."

Kisha akaacha baiskeli ya mteja chini, akakimbia kumtafuta mwenye gari. Wakati huu gari liliondoka palepale, kwa sababu pesa ya mafuta ilikuwa mkononi. Mimi niliketi nyuma pamoja na mama, nikimwagia Mogaka maji kichwani, migomba ikipita pande zote mbili, na kila tulipofika mahali barabara inapopanda nilimwona mama akifumba macho mpaka gari limalize kupanda. Tulifika mjini jua likiwa bado lipo.

Hospitali ilitaka malipo ya kwanza, na mama aliyatoa. Daktari alisema mtoto anahitaji damu na kwamba kama tungekawia asingeahidi kitu. Mama alitoa na ya damu, na ya dawa ambazo hazikuwepo ili zikanunuliwe ng'ambo ya barabara, na ya chakula chetu. Kifurushi kiliendelea kusinyaa siku hadi siku, na Mogaka akaendelea kurudi kwetu siku hadi siku: kwanza akafungua macho, kisha akaomba ndizi, kisha akalia akitaka kwenda nyumbani, na mwanamke wa kitanda cha jirani akasema sasa huyu amepona.

Baba alipata habari akaja moja kwa moja kutoka machimboni, vumbi likiwa bado kwenye nywele. Alimshika Mogaka mguu chini ya shuka kwa muda mrefu. Halafu akauliza nani amemkopesha mama. Mama akamweleza yote, pale pale kando ya kitanda, bila kupunguza, kuanzia siku ya mazishi ya Moraa. Baba alisikiliza akiangalia sakafu. Kikohozi kilimshika, akangoja kipite.

"Kumbe ulikuwa nayo," akasema mwishowe. "Nilipokuuliza, ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Ukanitazama ukaniambia hakuna."

"Ningekwambia iko, Tata Kemunto, ungempa ndugu yako. Wewe una huruma. Na huyu tungekuwa tumemzika juzi."

Baba alitoka nje, akaketi kwenye ukuta mfupi pamoja na watu wengine wanaongoja, na nilipomfuata kumpelekea chai nilimkuta anafuta uso kwa kofia. Hakumsamehe mama siku hiyo, nadhani, wala wiki hiyo. Nyumbani waliongea kuhusu kuni na mvua tu. Lakini mwezi uliofuata, aliporudi kutoka Tabaka, alichelewa kufika, na alipoingia jikoni mama aliinua kichwa ghafla. Baba alikuwa ananuka omena. Alivua viatu, akaomba maji ya kunawa.

Hata hivyo ninalokumbuka zaidi si hilo. Ninaikumbuka siku ya soko ya kwanza baada ya kutoka hospitalini. Kifurushi kilikuwa kimekwisha. Kitambaa chenyewe mama alikuwa amekifua na kukikunja. Nilidhani kwa kuwa ile siku imekuja na kupita, sasa tutanunua sukari. Badala yake asubuhi ile mama alichukua ndizi zile zile, akazibeba kwenye kichwa kile kile, nikaandamana naye. Katikati ya njia aliketi kwenye jiwe. Hakuwahi kuketi mahali pale. Aliutua mkungu, akaiweka mikono yake myeusi magotini, akavuta pumzi kama mtu aliyetoka kuogelea.

"Nimechoka, Kemunto," akasema. "Nimechoka hata mifupa."

Nilimwambia turudi. Alifikiria, nilimwona anafikiria kweli. Kisha akaniashiria nimsaidie kuinua mkungu, tukaendelea kushuka. Mama Atieno alipotuona alitoka nyuma ya meza yake, akamshika mama mikono yote miwili, akauliza mtoto anakula. Mama akasema anakula. Wakaketi. Baada ya muda mama akafungua pembe ya leso na kutoa kidogo kilichokuwepo, kidogo mno hata mimi niliona haya, na Mama Atieno akakipokea na kukitia kifuani bila kuangalia.

Pesa ile ilijaa na kuisha mara nyingi baada ya hapo. Iliisha kwa kifua cha baba, ambacho hatimaye kilimrudisha nyumbani akae kivulini na kumenya ndizi. Iliisha kwa nyanya. Mama Atieno alirudi kwao ziwani mumewe alipofariki, na siku aliyoondoka alimletea mama chake chote kilichobaki, na juu yake gunia dogo la omena. Walisimama barabarani wakiwa hawana lugha ya kuagana, wakaagana kwa Kiswahili.

Sasa ninaishi mjini Kisii, kwenye chumba cha juu karibu na stendi, na ninashona sare za shule. Akiba yangu iko kwenye simu. Naituma Ijumaa, inajifunga, na simu inaniandikia pongezi. Haimjui mtu. Ninapotaka kuivunja kabla ya wakati inaniuliza kama nina uhakika, nabonyeza ndiyo, na basi. Nimeivunja kwa kodi, kwa michango ya harusi za watu nisiowafahamu vizuri, kwa jamaa wanaoandika kwamba wamekwama mahali. Hakuna anayeutazama mgongo wangu kwanza. Sisemi kwamba zamani ilikuwa bora. Sasa pesa hufika kabla ya mgonjwa. Simu hii ingekuwa mkononi mwa mama asubuhi ile, Moraa angekuwa mama wa watu. Ila naweka peke yangu, navunja peke yangu, na nikichoka hakuna jiwe njiani wala mtu wa kuniinulia mkungu.

Mwaka jana binti yangu alipasuliwa tumbo kwa ajili ya kidole-tumbo. Nililipa. Siku ya kutoka, simu ilionyesha kwamba sina kitu, na nikahisi uchovu ambao nilikuwa nimeuona zamani kwa mtu mwingine tu. Nilimpeleka mtoto kwa mama akapone huko juu. Mama sasa ni mzee, vidole vimenyooka kidogo na weusi umetoka kwa kuwa chai inachumwa na Mogaka na mkewe. Tukiwa tumeketi nje jioni, nilimwuliza kama kulikuwa na wakati wowote, mwaka wowote, ambapo aliona pesa ile imetosha, akapumzika.

Alimtazama Mogaka akipanda kutoka shambani na kikapu mgongoni.

"Haikutosha hata siku moja," akasema. "Ilifika tu."

Kisha akaniuliza kama mtoto amekula, nikasema bado, na tukainuka wote wawili kwenda kuwasha moto.